Maharagwe Thelathini na Saba

Baba yangu aliuza lori lake miezi miwili baada ya tairi kumpasukia kwenye barabara ya Beni. Walikuwa wametoka Beni asubuhi, malori mawili, lake likiwa la pili. Tairi lilipopasuka alisimama kulibadilisha, na mwenzake, ambaye walikuwa wamekunywa chai pamoja kabla ya kuondoka, alimpungia mkono akatangulia. Saa moja baadaye baba alilikuta lori la mwenzake likiwaka katikati ya barabara. Wenye silaha waliolichoma walikuwa wamekwisha kurudi msituni. Mwenzake alikuwa bado ndani.

Hayo hatukuyapata kwa siku moja. Mama ndiye aliyemtoa maneno, leo moja, kesho kutwa jingine, kwa majuma mengi. Akiulizwa na watu kwa nini ameacha kazi, baba alisema tu kwamba amechoka na ile barabara, na kwa kuwa kila mtu Butembo anaijua ile barabara, hakuna aliyeendelea kuuliza.

Alikuwa ameiendesha zaidi ya miaka ishirini. Sisi ni Waislamu wa Butembo, mashariki ya Kongo, watu wa biashara na usafirishaji. Babu aliingia mjini na mizigo ya chumvi na vitambaa, baba akaingia kwenye magari, mama anauza vitenge sokoni mpaka leo. Mimi ni binti yao wa kwanza, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, na ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kuishi katika chumba cha uani kwa wazazi. Nasema hivi ili ieleweke kwamba nilikuwepo. Kila hatua ya mambo yaliyompata baba ilipita mbele ya macho yangu, niliweza hata kuiandika ubaoni, na hakuna hata moja niliyoizuia.

Mtu aliyezoea kuamka kabla ya adhana ili apashe injini moto hajui la kufanya na asubuhi. Baba alifagia ua mpaka udongo ukawa mgumu kama saruji. Alitengeneza mlango wa choo, kisha akautengeneza tena. Halafu akaanza kwenda mjini baada ya chai na kurudi kwa sala ya alasiri, na mama akafurahi kwamba angalau anaonana na watu. Ndipo nikaona daftari.

Lilikuwa daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake baba alikuwa ameandika namba kwa safu, kwa mwandiko wake uleule wa kuandikia mizigo, nyingine kwa kalamu nyekundu, nyingine kwa nyeusi. 14, 9, 31, 0, 22, 22, 5. Nilidhani ni hesabu za zamani za kazi. Kisha nikaona kwamba hakuna namba inayozidi thelathini na sita, na kwamba kila sifuri ilikuwa imezungushiwa duara.

"Baba, hizi namba ni za nini?"

Alikuwa anavua viatu. Hakushtuka. "Ni za kule ku ruleti," alisema. "Pale juu ya duka ya telefone, ku barabara kubwa. Naandikaga yenye inatoka."

"Unacheza?"

"Kidogo. Siku zingine naangaliaga tu."

Angenidanganya ningepata hasira, na hasira ingenisaidia. Lakini alinijibu kama vile nimemuuliza bei ya mafuta. Nilimkumbusha kwamba kamari ni haramu, akakubali kwamba ni haramu. Basi nikahamia kwenye hesabu, mahali nilipojiona nina nguvu zaidi.

Ruleti ni gurudumu lenye vishimo thelathini na saba, kutoka sifuri hadi thelathini na sita. Kumi na vinane ni vyekundu, kumi na vinane ni vyeusi, na sifuri peke yake ni ya kijani. Kimpira kinazunguka, kinaruka ruka, kinaangukia kishimo kimoja. Ukiweka noti moja kwenye namba yako na namba hiyo ikatoka, unapewa noti thelathini na sita, ile yako ikiwa ndani yake. Ukisikia hivyo unaona ni vizuri. Lakini tuseme wamekuja watu thelathini na saba, kila mmoja na namba yake. Wote pamoja wanaweka noti thelathini na saba mezani, anayeshinda anaondoka na thelathini na sita, na noti moja inabaki kwa mwenye nyumba ya kamari, ambaye yeye hakuweka kitu. Ndivyo inavyokuwa hata kama umecheza peke yako, ukicheza vya kutosha. Na ukicheza rangi, nyekundu au nyeusi, ni vilevile: unadhani ni nusu kwa nusu, kumbe una kumi na nane zako dhidi ya kumi na tisa, kwa sababu sifuri si ya rangi yako kamwe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri siku zote.

"Noti moja mu thelathini na saba," aliniambia, maana hata mimi huniita mama. "Mama, ku barrière moja tu ya kulipisha malori kule njiani balikuwa banakamata zaidi ya ile."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua mchele, alicheka bila kutaka. Na mimi nilicheka.

Jumapili iliyofuata nikaamua kumwonyesha. Wanafunzi wangu huwa hawaelewi uwezekano mpaka washike kitu mkononi, na nilidhani baba naye ni hivyo. Mama alikuwa na maharagwe ya Musienene ya kila aina kwenye mfuko. Nilihesabu kumi na manane mekundu, kumi na manane meusi, na jeupe moja, nikayatia kwenye sufuria na kuifunika kwa kitambaa. Nilimpa baba punje mia za mahindi, nami nikachukua mia. Yeye ni mchezaji, mimi ni nyumba. Nilimwambia tutachomoa mara mia moja, rangi tu, na kila mara harage lirudi ndani tuchanganye upya.

Tulikaa kwenye mkeka barazani, mvua ikinyesha. Baba aliweka punje moja kwenye nyekundu. Alipokosa aliweka mbili, alipokosa tena aliweka nne, na alipopata alirudi kwenye moja. Nikamwambia kwamba mtindo huo ni wa zamani na ni mtego, kwamba unahitaji gunia lisilo na mwisho, na kwamba kule kwao bila shaka kuna kikomo cha kuweka. Alisema kikomo kipo. Akaendelea vilevile.

Nilingoja harage jeupe. Kwa hesabu lilipaswa kutoka mara mbili au tatu, na nilikuwa nimepanga la kusema kila litakapotoka. Lilitoka mara moja, naye baba wakati huo alikuwa ameweka punje moja. Rangi yake ilimjia na kumjia tena. Mara moja tu alikosa mara tano mfululizo, akaweka punje thelathini na mbili, na mimi mwenyewe nikachomoa harage jekundu. Tulipofika mia moja baba alikuwa na punje mia na arobaini na kitu, na nyumba ilibaki na hamsini na kitu.

Alizikusanya punje zake polepole akazirudisha kwenye kopo. "Hesabu yako iko muzuri, mwalimu," alisema. "Mais lakini leo nimekukula."

Nilijaribu kueleza. Nilisema mara mia moja ni chache, tungecheza mara elfu kumi angeona. Nilisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa dhaifu. Faida ya nyumba ni ndogo mno kuonekana mchana mmoja, na huo udogo ndio unaomshika mtu. Kama gurudumu lingemla kila mtu kila siku, nani angerudi? Linakuacha ushinde Jumanne na Alhamisi. Na kile kisehemu kidogo hakikatwi mara moja kwenye pesa uliyoingia nayo. Kinakatwa kila unapoirudisha mezani, na pesa ileile baba aliirudisha mezani mara hamsini kwa siku. Hayo yote niliyajua. Lakini mimi ndiye niliyeandaa ushahidi, na ushahidi ulikuwa upande wake.

Asubuhi ya pili alitoka mapema kuliko kawaida.

Majuma machache baadaye alishinda kweli. Alirudi mchana na nyama ya mbuzi, robo nzima, na kitenge kipya cha mama, cha ile aina ambayo mama huiuza lakini haivai kwa sababu ya bei. Aliviweka mezani. Mama hakuvigusa.

"Hii pesa imetoka wapi?"

"Nimeshinda."

"Umeshinda nani?"

Baba alikisogeza kitenge karibu na mama. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Mama alirudi jikoni, akatupakulia sombe, majani ya mihogo, na ugali, na tukala hivyo huku nyama ikiwa mezani imefungwa kwenye jani. Baba mwenyewe aliibeba akaipeleka kwa jirani. Wale ni Waprotestanti, watu wa kulima na kanisa, na mama wa pale aliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Baada ya siku chache alitutumia viazi vya Lubero katika sahani ileile, na viazi vile tulivila, maana haikuwezekana kumweleza. Kitenge kilibaki kwenye kiti. Mama alipofagia alikihamisha, akimaliza alikirudisha. Mwishowe nilikichukua mimi nikakiweka chini ya kitanda changu, ambako kipo.

Nilimwomba baba mambo mengi wakati ule. Nilimwomba aende na kiasi anachoweza kupoteza, alisema anafanya hivyo. Nilimwomba ampe mama pesa ya lori aitunze, alisema iko mahali salama. Sikumuuliza ni wapi. Bado kuna mpaka wa heshima ambao mtoto, hata mwenye miaka thelathini na sita, hauvuki mbele ya baba yake.

Tulikuwa na kiwanja, parseli ndogo katika sehemu ya mji iitwayo komine ya Kimemi, ambayo baba na mama waliinunua nilipokuwa bado shuleni. Walikuwa wajenge pale. Kwa kuwa hawakujenga, mama alipanda maharagwe kila msimu. Msimu ule alitoka Jumamosi na jembe na mbegu ndani ya kikapu, na mimi nikamfuata kumsaidia. Tulipofika tulikuta mawe yamemwagwa pembeni, kamba imefungwa kwenye vijiti kuzunguka kiwanja chote, na watu wawili wanachimba msingi.

Mama alifikiri wamekosea kiwanja. Aliwaambia kwa upole. Wale wachimbaji walimwita mwenye kazi, mtu wa makamo aliyevaa koti, akaja anatembea kwa uangalifu juu ya udongo uliochimbwa ili asichafue viatu.

"Mama, mimi nilinunua hapa," alisema. "Mwezi ulioisha. Mimi na muzee tulienda mpaka ku bureau ya viwanja. Documents ziko."

"Muzee gani?"

Alimtaja baba. Kisha akatoa karatasi kutoka kwenye koti, na nadhani alikuwa amezoea kuzibeba, kwa sababu zilikuwa kwenye plastiki. Sahihi ya baba ilikuwa chini. Ilikuwa sahihi nzuri, haikutetemeka.

"Pole, mama," yule mtu alisema. "Mimi nilifikiri munajua."

Alikuwa mtu mwema, ndilo jambo lililonichosha. Aliwaambia wachimbaji wapumzike, akatuuliza kama tunataka kung'oa miche ya vitunguu iliyokuwa kwenye kona. Mama alisema hapana. Alisimama akiwa na jembe begani, akatazama ile kamba kutoka kona hadi kona, kisha akasema twende, maana mvua inakuja.

Nyumbani hakumpigia baba kelele. Alimuuliza jambo moja tu: kama alikuwa amepewa bei nzuri. Baba akasema ndiyo. Kisha akasema, "Nitairudisha," na mama akaingia chumbani.

Jumatatu baada ya masomo nilipanda zile ngazi juu ya duka la simu. Sikuwa nimewahi kuingia. Nilitarajia giza na pombe. Ulikuwa ukumbi msafi wenye viti vya ngozi ya bandia, baridi kidogo, na katikati kulikuwa na gurudumu ndani ya kioo kama kifuniko kikubwa cha keki, likizunguka lenyewe kwa umeme. Kila kiti kilikuwa na skrini yake. Ukutani kulikuwa na ubao wa taa ulioonyesha namba zilizotoka mwisho, na watu walikuwa wakiutazama kama watu wanavyotazama mbingu kabla ya kupanda mbegu. Waliokaa walikuwa wabadilishaji pesa, waendesha pikipiki, mkulima mmoja aliyevaa buti za mpira. Baba alikuwa kwenye kiti cha tano. Kofia yake ya msikitini ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati, inachungulia.

Kwenye kaunta alikuwepo msichana niliyemtambua. Nilimfundisha mwaka wake wa mwisho, na alikuwa mzuri wa hesabu.

"Jambo, mwalimu," alisema, akasimama.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba yule mzee ni baba yangu, kwamba ameuza kiwanja, na kwamba naomba wasimruhusu kuingia tena.

Alitazama chini. "Mwalimu, siwezi. Patron anasema tusikatalie mutu mwenye hajalewa, mwenye hana fujo. Na muzee iko mupole sana. Hapigake hata meza."

"Unajua kile chumba kinafanya nini. Nilikufundisha."

"Ulitufundisha vizuri," alisema, na hakusema kwa kejeli. "Njo maana niko upande huu wa kaunta."

Aliniuliza kama nataka amwite huyo patron, bosi wake. Nikasema hapana. Patron angeniambia nini ambacho sikujua? Yeye hashindani na baba. Hahitaji hata kumjua. Anafungua mlango asubuhi, anafunga jioni, na katikati vishimo thelathini na saba vinafanya kazi.

Nilienda nikasimama nyuma ya kiti cha baba. Alinisikia, akageuka, na badala ya kuona haya alifuta kiti cha pembeni kwa kiganja.

"Kaa, mama."

Nikakaa. Tulitazama mizunguko miwili mitatu. Alicheza kidogo kidogo, rangi, mtindo wa siku ya maharagwe.

"Baba, unajua kwamba hautashinda."

"Najua."

"Unajua kabisa? Si kwamba unaniambia tu?"

"Wewe ulinielezea vizuri. Ile ya noti thelathini na saba nilielewa siku ile ile." Aligusa skrini. "Mais sikia. Kule njiani, miaka yote ile, nani alinipatia hesabu? Unatoka Beni, haujue iko ngapi. Iko moja mu kumi? Moja mu mia? Hakuna mwenye anajua. Unaenda tu. Mwenzangu alienda tu. Hapa mimi naona namba zote. Thelathini na saba, ziko pale, zinazunguka mbele yangu. Hakuna yenye inajificha."

Nimewahi kufikiria majibu mengi kwa maneno yale, kitandani, darasani, nikipanga foleni ya maji. Siku ile niliweka mkono wangu juu ya mkono wake na tukakaa hivyo mpaka mzunguko mwingine ukaanza, akautoa ili abonyeze.

Kisha akaniambia nichague namba.

Sikujua kwa nini nilikubali. Labda nilitaka kuwa upande wake kwa dakika moja. Nilisema kumi na saba. Akabonyeza kumi na saba. Kimpira kikarushwa, kikazunguka kwenye ukingo kwa muda ambao niliona ni mrefu sana, kikapoteza nguvu, kikagonga, kikaruka, na kikaingia kumi na saba. Nakumbuka jinsi kifua changu kilivyojaa. Kikakaa pale kama kupepesa jicho, kisha kikaruka tena na kulala kwenye kishimo cha jirani, thelathini na nne.

Hakuna kitu kinachoitwa karibu katika mchezo ule. Kishimo cha jirani na kishimo cha upande wa pili wa gurudumu ni sawa. Vyote ni kukosa. Nimewafundisha watoto jambo hilo kwa miaka. Na kwa muda wa juma zima, nikiwa ubaoni na chaki mkononi, niliona kile kimpira kikiingia kumi na saba. Mara mbili, nikitoka shuleni, miguu yangu ilishika njia ya barabara kubwa, na ilibidi niigeuze. Tangu hapo sijawahi tena kumwambia baba neno lolote kuhusu hesabu.

Pesa ya kiwanja iliisha kabla ya msimu wa mvua kwisha. Alituambia mwenyewe, asubuhi, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Msikitini, ambako miaka yote alikaa safu ya mbele, alianza kukaa karibu na mlango, penye viatu. Imamu alikuja nyumbani, akazungumza naye barazani kwa upole, na baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwa ajili ya yule mwenzake. Aliahidi kwamba hatapanda tena zile ngazi, na hakupanda, kwa siku thelathini na kitu. Mama alianza kumwekea tena kipande kikubwa cha nyama.

Halafu mfanyabiashara mmoja wa Beni akapiga simu. Alikuwa na lori, dereva wake alikuwa amekimbia kazi, na alikumbuka kwamba baba anaijua ile barabara kuliko mtu yeyote. Malipo yalikuwa mazuri. Yanakuwa mazuri kwa sababu hakuna anayetaka.

Baba aliomba siku mbili za kufikiri. Alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, mama alinifuata chumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wewe unajua hesabu," alisema. "Akibaki hapa, atarudia kule. Hata wewe unajua atarudia. Akienda, iko barabara. Njia yenye iko muzuri ni gani?"

Nilimtazama. Alikuwa ameuliza kwa dhati, kama mteja anavyomuuliza yeye bei sokoni, na alikuwa anangoja.

"Sijui, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ile ya barabara haina hesabu."

Alisimama, akanyoosha shuka mahali alipokuwa amekaa, akatoka.

Baba alienda. Alipanda lori la mtu mwingine siku ya Jumatano, amevaa kofia yake, na alionekana kijana kuliko alivyoonekana mwaka mzima. Tulikubaliana kwamba akifika Beni atapiga simu mara moja. Safari ya kwanza alipiga. Ya pili alipiga, akatueleza hata alichokula. Nilianza tena kulala usiku.

Safari ya tatu alipiga saa tisa mchana. "Nimefika," alisema, na sauti yake ilikuwa nzuri. Aliuliza habari za mama, akauliza kama nimeshapokea mshahara, nikamwambia bado. Kisha akasema anapumzika kidogo. Dakika ishirini baadaye nilikumbuka kwamba mama alitaka amnunulie mafuta ya mawese ya kule, nikampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena.

Beni ina ukumbi kama ule. Una gurudumu kama lile, na mlangoni wanakuomba uzime simu. Naujua kwa sababu mwalimu mwenzangu anatoka kule, na nilikuwa nimemuuliza zamani, kabla hata baba hajapewa kazi.

Mama alitokea mlangoni akiwa ametawadha, mikono inadondosha maji. "Amefika?"

"Amefika."

"Alhamdulillahi," alisema, akaenda kuswali alasiri. Mimi nilibaki na simu mkononi. Nilipiga mara ya tatu, na mwanamke wa kwenye mtandao akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu ninayemtafuta hapatikani, nijaribu tena baadaye.